NAS imekata kauli: faili ziko wapi?

Swali: Mtaalamu, salaam. Nina NAS, kile kisanduku cha kuhifadhia faili kwenye mtandao wa nyumbani, chenye diski nne, kila moja ya terabaiti 4, zimepangwa kwa RAID 5, mpangilio unaovumilia diski moja kufa. Humo nimeweka picha na video za familia za miaka kumi na moja, pamoja na hesabu zote za biashara yangu ndogo. Wiki tatu zilizopita taa ya diski ya tatu iligeuka rangi ya chungwa. Faili zilikuwa zinafunguka kama kawaida, nikasema nitalishughulikia mwisho wa mwezi. Juzi umeme ulikatika. Uliporudi, NAS ikawa inapiga mlio mfululizo, na sasa diski ya kwanza nayo ina taa nyekundu. Ukurasa wa usimamizi unasema hifadhi imeanguka, na unanipa kitufe cha kurekebisha. Nilichomoa diski moja nikaichomeka kwenye laptopu ya Windows, ikaniambia diski inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika. Rafiki yangu anasema nikubali tu, halafu nitumie programu ya kurudisha faili. Bado sijabonyeza kitu. Nibonyeze kipi?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kubonyeza. Usibonyeze hiki wala kile. Zima kisanduku, chomoa waya wa umeme, toa diski zote nne, na kila unayoitoa ibandike papo hapo karatasi yenye namba ya nafasi iliyotoka: 1, 2, 3, 4. Piga picha lebo zake ili namba za usajili zisomeke. Kisha tukae tuongee, maana kwa maelezo uliyonipa, uwezekano wa kuzipata faili zako ni mkubwa kuliko unavyodhani.

Tuanze na Windows, kwa sababu ule ujumbe wake umewaliza wengi. Hausemi kwamba diski imekufa. Unasema Windows imeitazama diski na haikuona maandishi inayoyajua. NAS nyingi za nyumbani na za ofisi ndogo kwa ndani ni kompyuta ndogo zinazoendeshwa na Linux badala ya Windows, na faili zake zimekaa kwenye mfumo wa ext4, Btrfs au XFS, ambao Windows haiusomi yenyewe. Isitoshe, diski uliyochomeka ni robo ya mpangilio wa diski nne, kwa hiyo hata Linux ikipewa hiyo moja peke yake haikuti humo video nzima. Ni kama umempa mtu kurasa za kitabu kilichoandikwa kwa hati asiyoijua, tena umempa ukurasa mmoja katika kila kurasa nne, naye akakuuliza: karatasi hizi naona hazina maana, nizifute?

Rafiki yako hajasema upuuzi mtupu. Kufomati kwa haraka hakufuti diski nzima. Kunaandika majedwali mapya mwanzoni na sehemu chache kwingineko, na kwenye diski ya kawaida programu nzuri inaweza kuyaruka hayo na kuzikuta faili. Ila kwenye diski ya RAID, hizo sehemu chache zinaweza kuwa ndizo zilizobeba kitambulisho cha diski, na kitambulisho hicho, kama utakavyoona, ndicho tunachokitegemea. Ukikutana na ujumbe mwingine unaotaka "kuanzisha" diski, nao ukatae. Huo unaandika upya jedwali la pateshini, yaani orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa.

Sasa, watu husema "NAS imekufa" kwa mambo manne yasiyofanana. Adapta ya umeme inaweza kuwa imechoka. Ubao wa kisanduku unaweza kuwa umeungua na diski zote zikawa nzima. Diski zenyewe zinaweza kuwa zimeharibika. Au vyote ni vizima, ila mpangilio wa RAID au mfumo wa faili ndio umevurugika. Adapta husahaulika kuliko vyote. Niliwahi kuletewa kisanduku cha diski mbili ambacho mwenyewe alikuwa ameshakikatia tamaa: kinawaka, kinanguruma sekunde tano, kinazimika, kinawaka tena. Nilipima adapta ikiwa haijachomekwa kwenye kisanduku, mita ikasoma volti 12 barabara. Nikasema si yenyewe, nikapoteza nusu siku nikihangaika na ubao. Baadaye nikapima tena kisanduku kikiwa kinawaka, na pale diski zilipoanza kuzunguka volti zilishuka hadi 9 na kidogo. Diski huvuta umeme mwingi zaidi katika zile sekunde za kwanza, mota inapoziamsha sahani zilizosimama. Adapta nyingine ya volti zilezile, yenye ampea za kutosha, ilimaliza kesi jioni hiyo.

Kwako adapta si mshukiwa wa kwanza, kwa sababu diski 3 ilianza kulalamika wiki tatu kabla ya umeme kukatika. Hata hivyo, usiirudishe kazini bila kuipima hivyo, ikiwa na mzigo.

Katika RAID 5 ya diski nne, data hukatwa vipande. Vipande vitatu vinakwenda kwenye diski tatu, na ya nne inapata kipande cha pariti, yaani hesabu ya kukokotolea kipande kitakachopotea. Safu inayofuata pariti inahamia diski nyingine, hivyo hivyo hadi mwisho. Hesabu ya pariti ni rahisi. Chukua biti tatu: 1, 0, 1. Moja ziko mbili, idadi shufwa, basi pariti ni 0. Zingekuwa 1, 0, 0, idadi ingekuwa witiri, na pariti ingeandikwa 1 ili jumla iwe shufwa. Diski ya pili ikipotea, kisanduku kinaangalia zilizobaki, 1 na 1 na pariti 0, kinajua iliyopotea ilikuwa 0. Ndiyo maana faili zako ziliendelea kufunguka taa ikiwa ya chungwa: robo ya kila ulichosoma ilikuwa inakokotolewa palepale. Ikipotea na diski nyingine juu ya hiyo, hesabu inabaki na vitu viwili visivyojulikana, na haifunguki tena.

Sisemi haya kukulaumu. Lakini kazi ya RAID 5 ilikuwa kukupa muda wa kubadilisha diski, na wiki tatu zile ndizo zilikuwa muda wenyewe. Diski zilizonunuliwa siku moja, zikafanya kazi moja, kwenye joto moja, mara nyingi huzeeka pamoja.

Hata hivyo, diski iliyokufa na diski iliyofukuzwa ni vitu viwili. Diski ya kawaida ikikuta sekta (kijisehemu kidogo kabisa cha diski) isiyosomeka hujaribu tena na tena, wakati mwingine zaidi ya dakika nzima. Linux, isipobadilishwa, huisubiri sekunde 30. Ikiona kimya inaanza kuiwasha upya, na mwisho inaitoa kwenye kundi la diski za RAID. Diski zinazotengenezwa mahususi kwa NAS huwekewa kikomo, kwa kawaida sekunde 7 hivi, ili zikiri kosa mapema na pariti ifanye kazi yake. Kwa hiyo diski yako 1 inaweza kuwa imefukuzwa kwa ajili ya sekta kumi mbovu kati ya karibu bilioni 7.8 zilizomo. Kwa maneno ya NAS hiyo imeanguka. Kwa mtu anayeokoa faili, hiyo ni diski nzuri kabisa.

Kila diski ya kundi imebeba kitambulisho chake, kijisehemu kidogo ambamo Linux imeandika diski hii ni ya kundi gani, inakaa nafasi ya ngapi, na kila kipande kina ukubwa gani. Imeandika pia hesabu ya matukio. Kundi linapobadilika hali, namba hiyo inaongezwa kwenye diski zote zilizo hai. Diski iliyofukuzwa inabaki na namba ya siku ilipofukuzwa. Ukizisoma za kwako, nategemea utaona kitu cha namna hii, namba hizi zikiwa za mfano tu:

Diski 1: 91402
Diski 2: 91407
Diski 3: 64118
Diski 4: 91407

Diski 2 na 4 zimekwenda pamoja hadi mwisho. Diski 1 imepitwa hatua tano. Ilidondoka dakika za mwisho, na karibu kila kilichomo bado kinalingana na wenzake. Diski 3 iko nyuma kwa matukio zaidi ya 27,000. Hiyo ni NAS yako ilivyokuwa wiki tatu zilizopita. Kila ulichoandika, ulichofuta au ulichohamisha tangu siku ile, yenyewe haina habari nacho. Kundi la kuokoa basi ni 1, 2 na 4, na diski 3 inakaa pembeni, hata ikitokea kwamba leo inasomeka vizuri kuliko 1.

Sasa utaona kwa nini nakukataza kile kitufe cha kurekebisha. Kila mtengenezaji ana namna yake, na kwa nje huwezi kujua chako kitafanya nini. Kikiipokea diski 3 kana kwamba ni ya leo kikaanza kukokotoa pariti upya, kitachanganya vipande vya juzi na vya wiki tatu nyuma, kisha kuandika mchanganyiko huo juu ya diski ulizokuwa unazitegemea. Na hata kikichagua diski sahihi, kitaisomesha diski 1, ambayo tayari inaumwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, huku kikiandika. Ikifa katikati, huna pa kurudi. Wengi walionifikia wakiwa wamepoteza kila kitu hawakupotezewa na diski. Walikuwa wamebonyeza kitufe hicho, na baadhi walikibonyeza mara mbili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kunakili. Hakuna kutengeneza chochote mpaka diski ziwe na nakala, biti kwa biti.

Kabla ya hapo, sikiliza. Iweke diski 1 mezani, iunganishe na umeme, tega sikio. Mvumo laini usiobadilika ni dalili njema. Ikigonga tak, tak, tak kwa mapigo sawasawa, ikikwaruza, au isipozunguka kabisa, ichomoe hapohapo na usiiwashe tena. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Kichwa kilichoharibika kinachozidi kuzungushwa kinakwangua tabaka ambalo picha zako zimeandikwa. Diski ya hivyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Hadithi ya kuiweka kwenye friza isahau: ikitoka humo unyevu unaganda juu ya sahani, na ukiiwasha umeshaimaliza. Kuhamisha ubao wa kijani kutoka diski nyingine inayofanana nako hakufui dafu kwenye diski za sasa, kwa sababu ubao una chipu yenye vipimo vya diski ile moja tu iliyozaliwa nayo.

Diski zisizogonga, ziunganishe na kompyuta iliyowashwa kwa Linux ya kwenye flashi, uzisome afya yake kwa amri ya smartctl -a. Utaona jedwali refu. Nenda moja kwa moja kwenye mistari ya 5, 197 na 198. Wa 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, wa 197 ni zile zinazosubiri kuamuliwa, wa 198 ni zilizoshindikana. Namba iliyo mwisho wa mstari ndiyo ya kuangalia. Pale juu panapoandikwa kwamba diski imefaulu, pasikutulize. Nimeona diski zenye mamia ya sekta mbovu zikiwa na cheti hicho.

Kunakili tumia GNU ddrescue, si dd ya kawaida wala kukokota faili kwa kipanya. Ubora wake ni kwamba haing'ang'anii pabovu. Inasoma kwanza kila panaposomeka kwa urahisi, inaruka palipo pagumu, na inaandika ramani ya ilikopita. Umeme ukikatika au ukiamua kuipumzisha diski, unaendelea kesho ulipoishia. Duru ya kwanza ni hii:

ddrescue -d -n /dev/sdb diski1.img diski1.map

Ikiisha, unairudisha kwenye yale mashimo yaliyobaki, mara tatu kila moja:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski1.img diski1.map

Chanzo kinatangulia (/dev/sdb ni jina ambalo Linux imeipa diski), nakala inafuata. Ukivibadilisha unaweza kuifuta diski unayotaka kuiokoa, na hilo limewahi kuwapata watu wenye uzoefu kuliko mimi na wewe. Ndiyo maana nilikwambia upige picha lebo: kabla ya kila amri andika lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL, linganisha namba ya usajili na picha yako, ndipo ubonyeze. Diski za terabaiti 4 zote zinafanana kwa jina na ukubwa. Kinachozitofautisha ni hiyo namba. Baadhi ya adapta za USB huonyesha namba yao wenyewe badala ya ya diski, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutozipenda. Nyingine hujizima diski inapochelewa kujibu, na ziko zinazobadilisha ukubwa wa sekta kutoka 512 hadi 4096, ukajikuta jedwali la pateshini halisomeki ilhali ni zima. Kebo ya SATA moja kwa moja kwenye ubao wa kompyuta ya mezani ni bora mara nyingi. Weka na feni ndogo inayopuliza diski.

Kuhusu muda, diski yenye afya inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde inahitaji saa saba na nusu hivi kumaliza terabaiti 4. Mgonjwa anaweza kuchukua siku mbili, anaweza kuchukua wiki. Kuhusu nafasi, nakala tatu ni terabaiti 12, na juu yake unahitaji mahali pa kuwekea faili zitakazotoka. Ukibanwa kabisa, nakili diski 1 peke yake, hizo 2 na 4 zisomwe moja kwa moja zikiwa zimefungwa kwa kusoma tu. Sipendi, lakini nimewahi kufanya hivyo na mambo yakaenda. Mahali pa kuwekea nakala pasiwe pa FAT32, kwa sababu haikubali faili moja kufika gigabaiti 4, na nakala yako itakatika dakika ya kwanza.

Diski asili zikishanakiliwa, zirudi kwenye mifuko yake na zifungiwe kabatini. Kuanzia hapo unafanya kazi kwenye nakala.

Kwenye Linux hiyohiyo ya flashi, kila nakala uigeuze ionekane kama diski:

losetup -r -P -f --show diski2.img

Utajibiwa jina kama /dev/loop0, na pateshini zake zitaitwa loop0p1, loop0p2, loop0p3. Kwenye NAS nyingi ndogo ya kwanza ni ya mfumo wa kisanduku chenyewe, ya pili ni ya swap (kumbukumbu ya ziada ya kisanduku), na kubwa ya mwisho ndiyo yenye mali yako. Sasa tumia mdadm, chombo cha Linux cha kusimamia RAID: andika mdadm --examine /dev/loop0p3, na hapo ndipo kitambulisho kinapofunguka. Tafuta mstari wa Events, ile hesabu ya matukio, na mistari michache juu yake uangalie Update Time. Hiyo ya pili inakwambia tarehe na saa diski ilipoandikiwa mara ya mwisho, na kwa diski 3 inatakiwa ilingane na siku uliyoiona taa ya chungwa. Isipolingana, simama, maana yake hadithi ya NAS yako si ile tunayoidhania. Diski 3 isome tu kitambulisho chake, dakika moja inatosha, uirudishe kabatini.

Kuziunganisha ni hivi:

mdadm --assemble --readonly --run /dev/md9 /dev/loop0p3 /dev/loop1p3 /dev/loop2p3

Kwa kuwa diski 1 imepitwa hatua tano, mdadm huenda ikaikataa na kusema diski hazitoshi. Ndipo inapohitajika --force, na --force huandika namba mpya kwenye kitambulisho. Kwa hatua hiyo nakala zinaunganishwa bila ile -r ya losetup, na ndiyo sababu nimekusumbua na kunakili kote huko: kosa likitokea, limetokea kwenye faili, si kwenye diski.

Ukitafuta msaada mtandaoni utakutana na mtu anayekwambia uandike mdadm --create ukiorodhesha diski. Usimsikilize. Amri hiyo inaandika vitambulisho vipya juu ya vya zamani, na inafaa tu kwa anayejua kwa hakika ukubwa wa kipande, mpangilio wa pariti, toleo la kitambulisho na mahali hasa data inapoanzia. Ukikosea kimoja tu, umechoma ramani.

Kundi likisimama, mara nyingi kuna tabaka la LVM, la kugawa nafasi, juu yake; vgchange -ay inaliamsha. Halafu mfumo wa faili ufunguliwe kwa kusoma tu. Kwa ext4 ni mount -o ro,noload, kwa XFS ni ro,norecovery. Hayo maneno ya pili si ya mapambo. Bila hayo Linux itajaribu kwanza kumalizia kazi zilizokatishwa siku umeme ulipokatika, na kumalizia ni kuandika. Btrfs ikigoma kufunguka ina chombo chake, btrfs restore, kinachotoa faili bila kuufungua mfumo. Kama ulikuwa umeweka usimbaji fiche kwenye folda au hifadhi nzima, tafuta neno la siri au faili ya ufunguo leo, kabla ya yote haya, maana bila hiyo hata maabara itakurudishia terabaiti za vumbi.

Usipoijua Linux, ziko programu za kulipia za Windows zinazounganisha RAID na kusoma mifumo hiyo. Nyingi zinakuonyesha orodha ya faili kabla ya kuomba hela. Sina ugomvi nazo, mradi zielekezwe kwenye nakala na zihifadhi kwenye diski nyingine.

Tuseme folda zimeonekana, na majina yapo. Usishangilie bado. Fungua faili kubwa. Hili ndilo huwaangusha hata mafundi. Kipande cha RAID mara nyingi ni kilobaiti 64, na hata 512. Faili ndogo ya maandishi, barua au jedwali la hesabu lenye kilobaiti 30, inaweza kukaa yote ndani ya kipande kimoja, na itafunguka vizuri hata kama diski zimepangwa ovyo. Picha ya megabaiti 6 inapita kwenye diski zote mara nyingi. Ukiona juu ni sura ya mtoto, kuanzia paji la uso kwenda chini ni kijivu au rangi zimehama pembeni, mpangilio una kosa au umeingiza diski iliyopitwa na wakati. Fungua picha ishirini za miaka tofauti, video ndefu kadhaa uzipeleke katikati na mwisho, na faili zip chache uzipime, kwa sababu zip hubeba hesabu ya kujikagua. Anza na zile za wiki tatu za mwisho, maana ndizo zingeumbuka kama diski 3 imeingia kimakosa.

Folda zisipoonekana kabisa, kuna TestDisk ya kutafuta pateshini zilizopotea na PhotoRec ya kuchimba faili kwa alama zake. Kwa mfano picha ya JPEG daima huanza na baiti FF D8 FF. PhotoRec iwe ya mwisho. Inakurudishia picha bila majina yake ya zamani na bila folda, maelfu ya f0012345.jpg, na kuzipanga ni kazi ya miezi. Tena iendeshwe juu ya kundi lililounganishwa, /dev/md9 au LVM iliyo juu yake. Ukiiendesha kwenye diski moja ya RAID 5 utapata picha nyingi zilizokatika kipande cha kwanza tu, ukaamini zimeharibika zote.

Ikibidi maabara, peleka diski zote nne, pamoja na 3, pamoja na zile karatasi za namba. Kichwa cha diski 1 kikiwa kimevunjika, diski 3 ya wiki tatu nyuma inakuwa ghafla na thamani: picha za miaka kumi na moja ambazo hukuzigusa mwezi huu hazikubadilika, na diski 2, 3 na 4 zinaweza kuzitoa nyingi zikiwa salama, ingawa majina na folda za karibuni zitakuwa vurugu. Waambie ukweli wote, hata wa Windows. Omba orodha ya faili kabla ya malipo, na waambie folda zipi zianze. Diski inayokufa huenda ikaishi saa chache tu, na ni bora saa hizo ziende kwenye hesabu na picha kuliko kwenye filamu ulizopakua.

Ukishapata zile namba nne za Events na tarehe zake nne, niandikie kama zilivyo, pamoja na mistari 5, 197 na 198 ya diski 1, kabla hujaandika neno --force.